Neema Isiyopita Kwenye Mizani

Msimu wa korosho ukifika Namasakata, upande wa Tunduru mkoani Ruvuma, kila kitu hupita kwenye mizani. Mkulima aliyepalilia, akapuliza salfa, akaokota na kuanika, hupeleka gunia lake kwenye ghala la chama cha msingi. Karani anakagua ubora, anapima, anaandika stakabadhi. Korosho zenye unyevu zinarudishwa zikaanikwe upya. Mnada ukishapita, makato yanatolewa, na kinachobaki ndicho haki ya mkulima. Utaratibu huo una maana yake: bila mizani ya halali mnyonge hupunjwa, kama wanavyopunjwa wanaouza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya utaratibu huo.

Taabu inaanza pale mizani hiyo inapoingizwa kanisani. Waumini wengi huimba kwamba Mungu ni mwenye neema, lakini moyoni wanamwona kama karani wa ghala. Mwulize mtu aliyeacha ibada baada ya ndoa kuvunjika, au binti aliyepata mtoto kabla ya ndoa. Mara nyingi jibu ni hilo hilo: “Ngoja kwanza nijiweke sawa.” Maana yake ni kwamba anajianika mwenyewe nje, akitumaini kwamba akikauka atapokelewa. Wengine hawarudi kabisa, kwa sababu kila wakijitazama wanaona unyevu bado upo.

Fundisho la Kikristo juu ya neema linalipinga wazo hilo tangu kwenye mzizi. Katika Warumi sura ya 5, Paulo anasisitiza wakati: Kristo aliwafia watu wangali wenye dhambi, hakungoja watengenee. Katika Waefeso sura ya 2 anasema wokovu ni kipawa, wala hautokani na matendo, na anaongeza sababu: asipatikane mtu wa kujisifu. Yesu mwenyewe alitoa mfano wa wenye kazi katika shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Walioajiriwa jua likikaribia kuzama walilipwa sawa na walioanza alfajiri, na walioanza alfajiri wakanung'unika. Manung'uniko yao yana mantiki, na ndiyo maana mfano ule haujapoteza makali. Mtu yeyote aliyewahi kutoka jasho shambani anawaelewa.

Kusini hii ina historia inayosaidia kulielewa jambo hili kuliko mahubiri mengi. Karne ya 19, misafara ya watumwa ilikatiza nchi hii kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watu waliokwisha kuachiwa kutoka utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Nyasa walikotoka wengi wao, lakini walipofika Masasi waliamua kukaa. Wakalima, wakajenga nyumba na kanisa. Miaka sita baadaye, Septemba 1882, Wangoni walishuka kutoka upande wa Songea, wakakishambulia kijiji na kuchukua mateka. Mfikirie mtu yule: alishakamatwa mara moja, akatenganishwa na kwao, akaachiwa, akaanza maisha upya, na sasa anaswagwa tena porini kuelekea magharibi. Mmisionari William Porter alifunga safari hadi nchi ya Wangoni kuwatafuta mateka wale ili awakomboe.

Mateka wa namna hiyo hawezi kuchangia chochote katika fidia yake. Anachokula ni cha aliyemteka, na hata nguvu za mikono yake zimekwisha kuhesabiwa kuwa mali ya mwingine. Fidia ikija, inatoka nje, kwa mtu ambaye yu huru. Wasomaji wa kwanza wa nyaraka za Paulo na Petro walilijua hilo vizuri, maana baadhi yao walikuwa watumwa. Waliposomewa kwamba wamenunuliwa kwa thamani kubwa kuliko fedha na dhahabu, hawakuhitaji kueleweshwa soko la watu lilivyo.

Lakini mfano wa fidia una mwisho wake, na ni vema tuuone. Bagamoyo, kuanzia mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walinunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa na kuwalea misheni. Watoto wale walitoka mikononi mwa mfanyabiashara, ila waliishi kwa kengele ya misheni, wakalima mashamba ya misheni, na walipokua walitarajiwa kuoana na kukaa katika kijiji cha misheni. Tena kila aliyelipa alimwachia mfanyabiashara faida mkononi. Je, ukombozi wa Mungu ni wa jinsi hiyo? Kuna aliyepokea malipo? Na je, aliyekombolewa amebadilishiwa bwana tu, akabaki na deni?

Swali la kwanza ni la zamani. Origen, mwalimu wa Aleksandria wa karne ya 3, alieleza kwamba fidia ililipwa kwa Shetani. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alilikataa wazo hilo: Shetani ni mwizi, na mwizi hana haki ya kudai. Kwa hili nipo upande wa Anselm. Gharama ya msalaba ilikuwepo, tena kubwa, ila hakuna mfanyabiashara aliyeondoka nayo. Ni gharama aliyoibeba anayependa ili asimpoteze anayempenda.

Swali la pili ni gumu zaidi, na mahali pa kulipima ni Songea mwaka 1906. Wakati wa Vita vya Majimaji, wapiganaji wa Kingoni waliichoma misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Agosti 1905, Askofu Kasiani Spiss na wenzake wanne walikuwa wameuawa njiani kutoka Kilwa wakielekea Peramiho. Wajerumani walilipiza bila huruma. Walichoma vijiji na ghala za chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Viongozi wa Wangoni walikamatwa, na Februari 27, 1906 makumi yao walinyongwa mjini Songea, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Kabla ya kunyongwa walitembelewa gerezani na Padre Johannes Häfliger wa Peramiho, akawafundisha, na wengi wakabatizwa, Mputa mwenyewe akiwemo.

Tukio hili linaniumiza na kunifundisha kwa pamoja. Linaniumiza kwa sababu misheni na mnyongaji walitoka nchi moja, na mtu aliyefungwa pingu hana nafasi kubwa ya kukataa. Sitaki kulipamba. Hata hivyo, ukilitazama upande wa padre, aliingia selo ya watu walioteketeza kanisa lake. Ukilitazama upande wa waliobatizwa, hawakuwa na muda wa kurekebisha lolote. Hakuna aliyeweza kuahidi kuhudhuria ibada kwa mwaka mzima au kutoa zaka. Kama neema ni ujira, ubatizo ule haukuwa na maana. Kama ni kile Injili ya Luka inachosimulia katika sura ya 23, kuhusu mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu, basi ulikuwa neema yenyewe, bila nyongeza ya kitu kingine. Na Mungu aliyewapokea hakuwa mali ya serikali iliyowanyonga.

Hapo ndipo swali la deni linapojibiwa. Walionyongwa hawakuweza kulipa baadaye, kwa hiyo neema haiwezi kuwa mkopo wenye marejesho. Linalobaki ni hofu ya kila mchungaji: watu wakisikia hivi, si watatenda dhambi wapendavyo? Paulo aliulizwa hilo, naye katika Warumi sura ya 6 akajibu kwa mshangao kwamba aliyeifia dhambi hawezi tena kuishi ndani yake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, anaonyesha mpangilio. Yesu alitangaza kushinda nyumbani kwake, watu wakanung'unika, na ndipo Zakayo akasimama kuahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Ukigeuza mpangilio huo, ukamtaka alipe kwanza ndipo aingiliwe nyumbani, hadithi inakuwa ya forodhani.

Mpangilio huo ndio unaogeuzwa leo na wanaouza maji na mafuta ya upako. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walipoteza maisha wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Walikuwa watu wenye shida za kweli, waliofundishwa kwamba baraka ni chache na mwenye kuwahi ndiye apataye. Mwenye kuyaamini maneno ya Paulo hana haja ya kumkanyaga mtu. Katika jambo hili makanisa yetu makubwa hayana sababu ya kuvutana: Wakatoliki na Walutheri, waliogombana juu ya neema na matendo tangu siku za Luther, walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg Oktoba 31, 1999, wakikiri kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema pekee, si kwa stahili yake.

Swali la neema na deni lilirudi Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipofika kwenye Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akakutana na uzao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa siku chache baada ya wenzake, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda. Familia inasema kichwa cha babu yao kilipelekwa Ujerumani, na rais aliahidi kwamba nchi yake itajitahidi kukitafuta. Msamaha alioomba hauna bei, na hakuna Mjerumani anayeweza kuustahili. Familia ikiutoa, inautoa bure. Kichwa ni jambo lingine. Zakayo alipokwisha kupokelewa hakusema kwamba mali za watu sasa zimesamehewa pia. Alizirudisha.