Je, Wajua? Pikipiki Iliyolala Huliwa Zaidi na Umande Kuliko Mvua

Je, wajua kwamba pikipiki iliyoachwa uani miezi mitatu bila kuguswa inaweza kuharibika zaidi kuliko ile iliyobeba abiria kutwa kucha kwa muda huohuo? Inayotembea hujikausha yenyewe. Joto la injini hufukuza unyevu kwenye oili, moshi wa moto hukausha bomba, mnyororo hutiwa oili na betri hupata chaji njiani. Inayolala hukosa yote hayo kwa mpigo, na maji huanza kuila polepole.

Rumonge, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, unalijua jambo hili kwa uchungu. Hapa pikipiki ndiyo hupeleka ndagala sokoni, madumu ya mawese dukani na mama mjamzito zahanati. Nyingi ni TVS na Bajaj Boxer kutoka India, zenye silinda moja inayopozwa kwa upepo. Lakini miaka ya karibuni uhaba wa fedha za kigeni umeifanya Burundi ipungukiwe mno na petroli. Foleni za vituoni zimekuwa ndefu, na motari wengi, yaani waendesha pikipiki za kazi, wamelazimika kuegesha chombo kinachowalisha. Ulaya pikipiki huegeshwa kwa sababu ya theluji. Rumonge huegeshwa kwa sababu tangi limekauka.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mrundi anayeishi Ubelgiji au Kanada anaogopa barafu, na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuiyeyusha. Hata hivyo, baridi ina wema wake: hupunguza kasi ya uharibifu wa kikemia. Kwa makadirio ya jumla, joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, mambo mengi ya kikemia huenda kasi mara mbili hivi. Kwenye ufuo wetu, ambako wastani wa joto ni nyuzi 23 au 24 mwaka mzima na mvua hunyesha tangu Septemba au Oktoba hadi Mei, uharibifu haupati msimu wa kupumzika.

Maji yasiyotoka mawinguni

Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, oksijeni na maji. Wengi hudhani maji hayo ni ya mvua. Katika miaka ya 1930 mwanakemia Mwingereza W. H. J. Vernon alionyesha kwamba si lazima mvua inyeshe. Unyevu wa hewa ukipita kiwango fulani, ambacho kwa chuma hukadiriwa kuwa karibu asilimia 60, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hujishika juu ya chuma, na kutu huongeza kasi. Kando ya ziwa ambalo maji yake ya juu hubaki na uvuguvugu wa nyuzi 25 hivi au zaidi, hewa hupita kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka.

Kisha huja umande. Hewa yenye joto la nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha matone kwenye kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 20. Usiku wa anga safi, chuma kilichoko nje hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Tangi, rimu na bomba la moshi hutokwa jasho kama chupa ya Fanta iliyotolewa kwenye friji. Hilo hutokea hata katika wiki ambayo halikudondoka tone la mvua.

Rumonge ina bahati moja. Ziwa Tanganyika ni la maji matamu, lenye chini ya gramu moja ya chumvi kwa lita, ilhali Bahari ya Hindi ina gramu 35 hivi. Chumvi hurahisisha safari ya umeme mdogo unaozalisha kutu, na hupenya utando unaokinga metali. Ndiyo maana pikipiki ya Mombasa au Unguja hupata kutu mapema kuliko ya Rumonge. Bahati hiyo hupotea kama chombo kimelazwa na matope na maji ya samaki yaliyochuruzika kutoka kwenye kreti, kwa kuwa uchafu hushika unyevu kwenye kila kona. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha, na ya pili ni kukausha juani siku nzima kabla ya kufunika.

Turubai linaloangamiza

Kosa linaloonekana sana ni kuikaza pikipiki ndani ya nailoni au turubai lililofungwa hadi chini. Ardhi nayo hutoa mvuke, hasa wakati wa masika. Mvuke huo hupanda, hunaswa chini ya nailoni, na usiku hugeuka matone yanayodondokea chombo. Mchana jua huyapasha moto matone yaleyale, na hewa ya ndani inakuwa na joto na unyevu kwa pamoja. Hali hiyo ni mbaya kuliko kuiacha wazi, kwa sababu kilichoko wazi hulowa na kukauka, lakini kilichofungwa hulowa na kubaki hivyo.

Kinachotakiwa ni paa. Simamisha vijiti vinne, tandika turubai juu likiwa na mteremko, acha pande zote wazi ili upepo upite. Usiegeshe kwenye udongo wala majani. Weka mbao au matofali chini. Tumia stendi ya kati ili uzito usikae kwenye tairi la nyuma. Ikibidi kufunika kabisa, funika kwa shuka kuukuu kwanza, turubai lije juu yake likiwa limelegea, na ulifunue kila jua linapotoka.

Tangi tupu linavyopumua

Vitabu vya Ulaya hushauri tangi lijazwe kabla ya kulaza pikipiki. Sababu ni ya kweli: petroli ikijaa, hewa haina nafasi. Tangi tupu hupumua. Mchana hewa iliyo ndani hupanuka na kutoka kupitia kitundu cha kifuniko. Usiku husinyaa na kuvuta hewa mbichi ya ziwani. Unyevu hugeuka matone kwenye kuta, na kutu huanzia mahali ambapo jicho halifiki. Siku petroli itakapopatikana, unga wa kutu utaelekea kwenye kabureta.

Ila huwezi kumwambia motari wa Rumonge ajaze tangi ilhali ameegesha kwa kukosa hata lita moja. Kwake ipo njia nyingine: kumimina mabaki yote, kutia kikombe kidogo cha oili safi ya injini, kuitikisa na kuiinamisha pikipiki hadi oili ipake kuta zote za tangi, kisha kufunga kifuniko. Siku ya kurudi barabarani, oili hiyo humwagwa na tangi husuuzwa kwa petroli kidogo.

Kabureta pia lazima ikaushwe. Petroli iliyotuama hupoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka haraka, na sehemu inayobaki huungana na oksijeni na kuwa ulimbo wa rangi ya kahawia. Kitundu kinachopitisha petroli ya saileni, injini ikinguruma bila kutembea, kina upana usiofika hata nusu milimita. Ulimbo kidogo tu unakiziba, na fundi atakutoza hela kwa tatizo ambalo bisibisi ingelizuia: funga koki ya petroli, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, acha yote ichuruzike chupani.

Na chupa hiyo isilale chumbani. Wakati wa uhaba watu huficha petroli uvunguni mwa kitanda, na hilo ni hatari kubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la makaa, na unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Lita ya petroli, lita ya maji

Wengine huiwasha pikipiki dakika mbili kila baada ya siku chache, ili isisahau kazi. Nia ni njema, lakini hesabu inakataa. Haidrojeni iliyomo kwenye petroli huungana na oksijeni na kuwa maji, na lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji. Injini ikipata moto sawasawa, maji hayo hutoka kama mvuke. Ikizimwa baada ya dakika mbili, mengi hubaki ndani ya bomba la moshi, na mengine hupenya hadi kwenye oili. Kama petroli ipo, itembeze kilomita kadhaa hadi ipate moto kabisa. Kama haipo, iache ilale.

Ili ilale salama, fungua plagi, tia kijiko kidogo cha oili safi ndani ya silinda, rudisha plagi, kisha piga kiki mara chache swichi ikiwa imezimwa. Oili hujipaka kwenye kuta za silinda na kuzikinga. Baadaye ziba tundu la bomba la moshi kwa kitambaa, kwa maana nyigu wajengao kwa udongo hupenda sana matundu ya namna hiyo. Kitambaa kiwe cha rangi kali ili usisahau kukitoa.

Betri na mnyororo

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hujimaliza yenyewe hata isipotumika, na joto huharakisha jambo hilo. Inapopungua chaji, fuwele za salfati ya risasi hukua na kukomaa kwenye bamba zake hadi zikatae kuyeyuka tena. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6 hivi; ikishuka chini ya 12.4, ichaji. Itoe kwenye pikipiki, ukianza na waya hasi ili spana isipige shoti kwenye fremu, na uiweke kivulini. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chaji inatosha kuiweka hai.

Mnyororo unahitaji mafuta, na katika mji ulio kitovu cha mawese nchini, swali huja lenyewe: je, mawese yanafaa? Historia inasema ndiyo, kwa kiasi. Katika karne ya 19 Waingereza walinunua mawese ya Afrika Magharibi kwa wingi, wakayapaka kwenye ekseli za mabehewa ya reli, na viwanda vya bati vya Wales viliyatumia kukinga mabamba ya chuma dhidi ya hewa kabla ya kuyapaka bati. Lakini mawese mabichi yana asidi huru, na yakikaa huchacha, hunata, hushika vumbi na kualika panya. Kwa wiki moja mbili ni kinga. Kwa msimu mzima tumia oili safi ya injini au grisi. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini pia si dawa: ina asidi na vumbi la chuma, na inayodondoka chini huishia kwenye ziwa ambalo watu hunywa maji yake.

Ziwa likija lenyewe

Mwaka 2024, baada ya mvua kubwa za El Niño, Ziwa Tanganyika lilipanda hadi takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari, likafunika nyumba na barabara za ufuoni. Pikipiki iliyozama isipigwe kiki hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, fimbo ya pistoni inaweza kupinda. Toa plagi, mwaga oili, kausha kabureta na chujio la hewa, tia oili mpya, ndipo ujaribu. Na mwakani uegeshe kwenye mwinuko.

Siku ya kuiamsha, fuata mpangilio: toa kitambaa kwenye bomba, jaza upepo matairi, kagua breki na nyaya, rudisha betri, suuza tangi, tia petroli mpya, piga kiki mara kadhaa swichi ikiwa imezimwa ili oili ipande, kisha washa. Gharama yote ya kuilaza vizuri ni oili kidogo, kitambaa, matofali machache na asubuhi moja ya kazi. Kwa familia inayokula kutokana na pikipiki hiyo, asubuhi hiyo ndiyo inayoamua kama siku petroli itakapofika Rumonge, motari ataanza safari kwenye foleni ya kituo au kwenye foleni ya fundi.