Doa Jeusi la Unyayo Lisidhaniwe Kuwa Mwiba

Karibu kila mtu mzima ana madoa madogo meusi mwilini, na mengi hayana madhara. Doa la kawaida huwa la mviringo, lenye rangi moja na mpaka ulio wazi, na hubaki vilevile kwa miaka mingi. Hilo halihitaji dawa wala wembe.

Melanoma ni saratani inayoanzia katika chembehai zinazoipa ngozi rangi. Kwa watu weusi hutokea kwa nadra, lakini inapotokea hujificha zaidi pale ambapo macho hayafiki: unyayoni, kiganjani na chini ya ukucha. Sehemu hizo hazipigwi sana na jua. Kwa hiyo kukaa kivulini si kinga. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia katika kidole gumba cha mguu.

Kinachowachelewesha wengi ni kufananisha. Doa la unyayo hudhaniwa kuwa mwiba uliobaki ndani, na weusi wa ukucha hudhaniwa kuwa damu iliyovilia baada ya kujikwaa. Damu hiyo husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, hatimaye ikaisha. Melanoma haiondoki, bali hutanuka. Mistari myeusi katika kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Wa kutiliwa shaka ni mstari ulio katika ukucha mmoja tu, hasa ukipanuka au weusi wake ukivuka hadi kwenye ngozi.

Kwingineko mwilini, litazamwe doa ambalo nusu zake hazilingani, lenye kingo zilizochongoka, rangi zilizochanganyika, au upana unaozidi milimita 6, yaani kifutio cha nyuma ya penseli. Dalili kubwa kuliko zote ni mabadiliko: kukua, kuwasha, kutoa damu au kuwa kidonda kisichopona.

Doa la namna hiyo lisichomwe, lisikatwe nyumbani, wala lisifunikwe kwa dawa za majani. Zahanati hutoa rufaa kwenda hospitali, ambako kipande cha ngozi hukatwa na kupimwa maabara, kwani jicho pekee, hata la daktari, halitoshi. Likigunduliwa mapema, mara nyingi upasuaji wa kuliondoa hutosha. Mwenye doa unyayoni ambaye amekwisha kuota mtoki asiuhesabu kuwa uchovu wa kutembea. Amwonyeshe mhudumu vyote viwili, na aeleze doa lilianza lini.