Nusu kilo ya nyama, sahani sita: Jinsi ya kukaanga nyama na mboga kwa haraka nyumbani

Katika toleo hili dawati letu la lishe linapenda kuwashirikisha pishi moja jepesi ambalo tumekuwa tukilifundisha katika siku za upishi parokiani, yaani nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kukaangwa upesi pamoja na mboga. Asili ya upishi huu ni China, lakini kila kinachohitajika kinapatikana katika masoko yetu, na karai la kukaangia maandazi linatosha kabisa kuwa chombo chake.

Huenda wapo watakaojiuliza kwa nini jarida la maendeleo liingie jikoni. Tunaomba tuanzie hapo.

Chakula kipo, sahani ina upungufu

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa kiwango hicho kilikuwa asilimia 57, cha juu kuliko mikoa yote. Na Iringa si mkoa wenye njaa. Ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi, na nyanya, vitunguu, karoti na kabichi zake hupakiwa kwenye malori kila siku kwenda Dar es Salaam na kwingineko.

Udumavu una sababu nyingi: magonjwa ya mara kwa mara, maji yasiyo salama, uzazi wa karibu karibu, mama kufanya kazi nzito bila kupumzika. Hatuwezi kusema kwamba pishi moja litauondoa. Lakini sababu mojawapo ni mlo wa aina moja: ugali mwingi, mboga kidogo, na nyama ambayo mtoto huishia kuinusa tu. Hali kadhalika upungufu wa damu unawasumbua wanawake na watoto wengi nchini, na ukosefu wa madini ya chuma katika chakula ni sababu mojawapo kubwa. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi zaidi kuliko yale ya majani na nafaka, na nyama hiyo hiyo husaidia mwili kufyonza pia yale yaliyomo katika mboga na maharage.

Kumbe basi, swali ni hili: nyama kidogo ambayo familia inamudu kununua, inamfikiaje kila mmoja?

Vipande vikubwa huhesabika

Tumezoea kukata nyama vipande vikubwa na kuichemsha kwa saa nzima au zaidi. Nusu kilo ikikatwa vipande vya gramu 50 inatoa vipande 10. Katika kaya ya watu sita vipande hivyo huhesabiwa tangu vikiwa ndani ya sufuria: vitatu au vinne vya baba, kimoja cha mgeni kama yupo, na watoto wagawane vinavyobaki pamoja na mchuzi. Mama, ambaye huenda ni mjamzito, mara nyingi hujikuta na mfupa.

Nusu kilo hiyo hiyo ikikatwa vipande vyembamba vya gramu 5 inatoa vipande 100. Vikichanganywa na mboga, hakuna awezaye kuchota mboga bila kuchota nyama. Uzito haujaongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni ukataji na mgawanyo.

Katika mojawapo ya siku zetu za upishi mzee mmoja aliyeketi mbele alichungulia bakuli, akauliza, "Sasa nyama yenyewe ndiyo hii?" Mama aliyekuwa akipakua akamjibu kwa heshima, "Baba, shikamoo. Hebu ihesabu." Mzee akaanza kuhesabu huku anakula, na kabla hajafika mbali sahani ikawa tupu. Ukumbi mzima ulicheka, naye akacheka pamoja nasi. Tangu siku hiyo tumejifunza kuwaalika akina baba pia, kwa kuwa suala la nani ale nini haliamuliwi na mpishi peke yake.

Mahitaji kwa watu sita

- Nyama ya steki (isiyo na mfupa) nusu kilo
- Vitunguu maji 2 vikubwa
- Karoti 3
- Pilipili hoho 2
- Kabichi robo, au fungu moja la chainizi
- Maharagwe machanga, mkono mmoja
- Kitunguu saumu punje 4, na tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Mafuta ya alizeti vijiko 5 vya chakula
- Unga wa ngano kijiko 1 cha chai
- Soya sosi vijiko 2 vya chakula, kama ipo
- Chumvi kiasi, na limau nusu

Soya sosi ina chumvi nyingi. Ukiitumia, punguza chumvi au iache kabisa. Usipoipata, pishi haliharibiki.

Namna ya kutayarisha

Kwanza, osha mboga kwa maji safi, kisha zikate zote kabla ya kugusa nyama, ili ubao na kisu visipeleke vijidudu vya nyama mbichi kwenye mboga. Karoti na maharagwe machanga yakatwe membamba kwa mshazari, hoho na kabichi viwe vipana kidogo. Weka karoti, maharagwe na vitunguu katika bakuli moja, hoho na kabichi katika bakuli jingine, kwa sababu haviivi kwa muda mmoja.

Pili, itazame nyama uone nyuzi zake zimelala upande gani. Kata kwa kukatisha nyuzi hizo, wala usikate kwa kuzifuata. Hapa ndipo siri ya ulaini ilipo. Ukizifuata nyuzi, kila kipande kinabaki na nyuzi ndefu na meno ndiyo yanayofanya kazi ya kisu. Ukizikatisha zinakuwa fupi, na nyama hulainika hata bila kuchemshwa. Unene uwe kama wa sarafu mbili zilizowekwa pamoja. Kisu kiwe kikali. Kisu butu huburuza nyama na ni hatari zaidi kwa vidole.

Tatu, changanya nyama na kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, unga wa ngano, soya sosi na kijiko kimoja cha mafuta. Iache dakika 20. Kama nyama ni ya ng'ombe mzee, ongeza kijiko kimoja cha chai cha papai bichi lililokunwa, kama wafanyavyo wapishi wa mishkaki kule Pwani. Utomvu wa papai huvunjavunja nyama. Usiiache muda mrefu zaidi ya nusu saa, la sivyo nyama itakuwa kama uji.

Nne, andaa moto. Ugali au wali upikwe kwanza na ufunikwe, kwani wakati huo mkaa unakuwa umekolea vizuri. Hakikisha kila kitu kiko karibu nawe, maana kuanzia hapa hakuna nafasi ya kwenda kutafuta chumvi.

Tano, pasha karai, tia vijiko viwili vya mafuta, na mafuta yakianza kutembea kama maji weka theluthi moja tu ya nyama. Itandaze, iache nusu dakika bila kuigusa ipate rangi, kisha geuza na koroga kwa dakika moja au moja na nusu, hadi wekundu wote uishe. Itoe uiweke katika bakuli safi, si lile lililokuwa na nyama mbichi. Fanya hivyo kwa mafungu yaliyobaki.

Sita, tia mafuta yaliyobaki, kisha vitunguu, karoti na maharagwe machanga. Koroga bila kuacha kwa dakika tatu hivi. Ongeza hoho na kabichi, koroga dakika mbili. Mboga ziwe zimeiva lakini bado zina rangi yake na zinalia kidogo mdomoni. Rudisha nyama pamoja na maji yake, ongeza robo kikombe cha maji, koroga dakika moja hadi mchuzi ushikane. Onja chumvi, ipua, kamulia limau, na pakua papo hapo.

Tulivyokosea sisi wenyewe

Tunapenda kukiri kwamba siku ya kwanza tulipofundisha pishi hili, tuliaibika. Watu walikuwa wengi, muda ulikuwa umekwenda, nasi tukamwaga nyama yote karaini kwa mara moja. Ndani ya dakika moja karai lilijaa maji ya kijivu, na nyama ikachemka badala ya kukaangika. Tuliwagawia watu vipande vigumu kama mpira. Akina mama walitafuna kwa uvumilivu na kusema "asanteni", lakini nyuso zao zilisema vingine.

Sababu yake ni rahisi. Sehemu kubwa ya nyama ni maji. Nyama ya baridi ikiwekwa nyingi, karai hupoa, maji yanatoka haraka kuliko yanavyoweza kukauka, na joto haliwezi tena kupanda kupita lile la maji yanayochemka. Nyama kidogo kidogo huliacha karai na joto lake. Kwa hiyo anayesema anaokoa muda kwa kuweka yote pamoja, anaupoteza.

Mambo ya kuzingatia

Nunua nyama kwenye bucha inayouza nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Nyama ya ng'ombe isiyoiva inaweza kuambukiza minyoo aina ya tegu. Kukaanga upesi hakumaanishi kula nyama mbichi. Wembamba wa kipande ndio unaofanya iive upesi, na kisionekane kipande chenye wekundu.

Vitamini C iliyomo katika hoho, kabichi na limau huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma, lakini huharibiwa na moto wa muda mrefu na hupotea katika maji ya kuchemshia yanayomwagwa. Ndiyo maana mboga zinapikwa kwa dakika chache na limau linakamuliwa mwishoni. Mafuta nayo yana kazi: bila mafuta mwili haufaidi vizuri vitamini A inayotokana na karoti.

Chai na kahawa hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma. Tunajua kwamba chai ya Mufindi ni fahari ya mkoa, lakini tafadhali iacheni isubiri walau saa moja baada ya mlo.

Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kula nyama, ila asipewe kipande kizima kwa kuwa kinaweza kumkaba. Sehemu yake ipikwe bila chumvi wala soya sosi, ikatwekatwe na kusagwa hadi iwe laini, kisha ichanganywe na uji mzito au viazi vilivyopondwa.

Wakati fedha ni chache, robo kilo ya nyama pamoja na bakuli la maharage yaliyokwisha kuchemshwa inafaa sana. Haba na haba hujaza kibaba.

Mkaa na muda

Pishi lote karaini huchukua robo saa hivi, ilhali kuchemsha nyama huchukua saa nzima na zaidi. Kwa mama anayenunua mkaa kwa kopo kila siku, hiyo ni akiba anayoiona jioni hiyo hiyo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Wakati tukielekea huko, kupika kwa dakika chache ni hatua ambayo kila kaya inaweza kuianza leo, na mwenye gesi naye mtungi wake utadumu zaidi.

Ombi letu

Kwa kamati za parokia, tunashauri kila kigango kipange siku moja ya upishi katika robo mwaka, baba na mama waalikwe pamoja, na chakula kiliwe hapo hapo na watoto wakiwepo. Vifaa si vingi: karai, ubao, visu viwili na kinoo cha kuvinoa. Tumeona kaya nyingi zina nyama mara moja kwa wiki, lakini hazina kisu kinachokata.

Kwa wafadhili wetu, tunajua kwamba kisu na kinoo havipendezi kwenye picha kama jengo jipya. Hata hivyo siku sahani zinapopakuliwa, ukiona mtoto wa mwisho amepata nyama bila kuomba, utajua msaada wako umefika wapi.