Kiyoyozi kinachojua ‘anatembea’ kisichojua ‘amekaa’

WALIMU wa sarufi hufunza kwamba kiambishi -me- huonyesha tendo lililokwisha kutendeka. Ni kweli, ila si kweli yote. Mtu akikuuliza mtoto yuko wapi nawe ukamjibu “amelala”, huna maana kwamba usingizi umekwisha. Mtoto bado anakoroma. Amekaa, amesimama, ameinama, ameegemea: vitenzi vya mkao huchukua -me- kuonyesha hali iliyopo sasa hivi. Ukisema “anakaa”, maana inahama. Ama mtu yuko mbioni kukunja magoti, ama unatuambia kwamba nyumbani kwake ni Likoni.

Tofauti hii ya -na- na -me- inafaa kujulikana na mafundi wa viyoyozi vya maofisini na hotelini, maana kuna hela nyingi zinazopotea kwa kutoijua.

Katika majengo mengi ya kisasa, kiyoyozi hakiwashwi tena kwa mkono. Kwenye dari au ukutani hubandikwa kidude cheupe chenye uso wa plastiki uliochorwa mistari kama jicho la nzi. Mtu akiingia, hewa baridi huanza kuvuma. Chumba kikiwa kitupu kwa muda uliopangwa, aghalabu kati ya dakika 15 na 30, kiyoyozi huzimwa au huachwa kifanye kazi kwa unyonge, ili bili ya stima ipungue.

Kidude hiki tukiiteje? Mafundi wengi husema “sensa”. Tatizo ni kwamba sensa tunayo tayari, ile ya Agosti 2019 iliyotuhesabu tukapatikana zaidi ya milioni 47. Kidude cha darini hakihesabu mtu. Wengine husema kitambuzi. Hili nalo lina kasoro, kwa kuwa kutambua ni kumjua mtu au kitu kwa alama zake, na kidude hakimjui yeyote. Mimi nachagua kihisi, sababu kuhisi hakudai ujuzi mkubwa. Lakini hata ukiliita kihisi, usiongeze “cha watu”. Hapo ndipo lugha inapoanza kumpotosha fundi.

Kwa hakika kihisi cha aina iliyoenea zaidi hakihisi watu. Ndani mwake mna vipande viwili vidogo vinavyotoa umeme hafifu joto linapobadilika. Vimeunganishwa kwa kupingana, hivi kwamba joto likivifikia vyote kwa pamoja, umeme wa kimoja hufuta wa mwenzake. Ile plastiki yenye mistari hugawa chumba katika vipande kama vya keki. Kitu chenye joto tofauti na ukuta kikivuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, kimoja cha vile viwili hupashwa mbele ya mwenzake, na hapo ndipo ishara hutoka. Basi. Hicho ndicho kinachojulikana mle: joto linavuka. Kidude kinaelewa anatembea, anapita, anageuka. Hakielewi amekaa, wala amelala, wala ameinamia vitabu vya hesabu za mwisho wa mwezi.

Sasa mwone mhasibu ghorofa ya nne mjini Mombasa, saa tisa alasiri. Anasoma safu za nambari kimya kimya, kinachosogea ni vidole tu. Dakika 15 zinapita. Kiyoyozi kinazima. Baada ya muda jasho linamtoka, anainuka kwenda dirishani, na kiyoyozi kinawaka tena. Ikitokea mara tatu kwa siku, ataandika katika daftari la malalamiko: “Kiyoyozi kibovu, kinazimazima.” Fundi akija, yeye mwenyewe anaingia akitembea, anafungua mikoba, anapanda ngazi. Kiyoyozi kinafanya kazi barabara.

“Boss, hii eesi iko sawa.”

“Iko sawa sasa hivi. Ngoja uende uone!”

“Basi labda gesi imepungua. Tuongeze kidogo.”

Hapo pesa zimeanza kuteketea. Gesi ya kiyoyozi si mafuta ya gari. Haitumiki ikaisha, bali huzunguka ndani ya mabomba miaka nenda miaka rudi. Ikipungua kuna mahali panapovuja, na pasipovuja hakuna cha kuongeza. Ikizidishwa, kompresa hulemewa. Mteja aliyekuwa na shida ya kihisi atakuja kuwa na shida ya kihisi pamoja na kompresa iliyoungua.

Fundi mwema huanza na kitenzi. Humwuliza mhasibu: kilipozima, ulikuwa unafanya nini? Jibu likiwa la -na- (nilikuwa nikitembea, watu walikuwa wakiingia na kutoka), shida huenda iko kwenye kiyoyozi chenyewe. Likiwa la -me- (nilikuwa nimekaa, tulikuwa tumetulia mkutanoni), aangalie dari kabla ya kugusa mabomba.

Darini kuna mengi ya kuangalia. Kihisi huwa na taa ndogo inayomweka kinapohisi mwendo. Fundi akae kwenye kiti cha mhasibu, si kusimama mlangoni, apige chapa au apeperushe kurasa, aone kama taa inamweka. Ikiwa haimweki, huenda kabati jipya limeziba njia. Kioo ni hatari zaidi kwa sababu hakishukiwi. Jicho la binadamu linapenya kioo, ila miale ya joto la mwili haipenyi, hivyo ofisi iliyogawanywa kwa kuta za vioo baada ya kihisi kuwekwa imekigeuza kipofu wa nusu ya chumba. Aidha kihisi huona vyema anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja. Na huku pwani kuna jambo jingine. Ngozi yetu ina takriban nyuzi 33 au 34 za joto. Chumba kikikaribia nyuzi 32 siku za Februari na Machi, tofauti kati ya mtu na ukuta karibu itoweke. Hivyo kiyoyozi kikishazima na chumba kikapata joto, kihisi huzidi kuwa kipofu kwa mtu yule yule anayekihitaji.

Dawa ya haraka ni kurefusha muda wa subira, tuseme kutoka dakika 15 hadi 30. Dawa ya kudumu ni kukihamisha kihisi, au kuongeza cha pili.

Kihisi kikimweka vizuri na kiyoyozi kisiitike, njia ya kujua upande wenye kosa ni kuziunganisha kwa waya mfupi zile ncha mbili ambazo kihisi huleta habari zake kwenye ubao wa kiyoyozi. Afanye hivyo mwenye ujuzi, akifuata mchoro wa mtengenezaji, kwani si kila ncha mle ndani ni ya umeme mdogo. Kiyoyozi kikiwaka, kosa li kwenye kihisi au nyaya zake. Asisahau kusubiri, maana kompresa nyingi hulindwa zisiwake tena kabla ya dakika tatu hadi tano kupita tangu zilipozima. Wenye pupa hukata shauri dakika ya kwanza.

Hapa pia lugha ina mtego. Mfereji ukifungwa maji hayapiti, lakini swichi ikifungwa stima hupita. Kuna vihisi vinavyofunga swichi mtu anapohisiwa na vingine vinavyoifungua, na mwenye kufunga nyaya akichanganya mambo, ofisi itapoa usiku kucha bila mtu na kuzima asubuhi watu wanapoingia.

Kiyoyozi kinachowaka katika chumba kitupu kina sababu nyingine pia. Hewa kutoka tundu lake chenyewe inaweza kukivumia kihisi, au kupeperusha pazia lililopashwa na jua. Kwa kihisi, pazia hilo linatembea.

Kuna vihisi vinavyotoa sauti isiyosikika na binadamu na kusikiliza mwangwi wake. Hivi hunasa hata mwendo mdogo wa mkono, lakini hudanganywa na hewa inayovuma. Vipo pia vinavyopima kabonidioksaidi tunayoipumua. Hivyo ndivyo vinavyokaribia kuelewa -me-, kwa kuwa aliyelala bado anapumua, ila gesi hiyo hupanda na kushuka polepole.

Wenye hoteli wametafuta njia ya mkato, na inahitaji viambishi vingine. Kiswahili hutofautisha yupo, yuko na yumo. Hoteli inataka kujua kama mgeni yumo. Kwa hivyo huweka sumaku mlangoni: mlango ukifungwa na baadaye mwendo ukahisiwa hata mara moja tu, mgeni atahesabiwa kuwa yumo mpaka mlango ufunguliwe tena, alale apendavyo. Hoja hii ni ya busara, bora sumaku isisogee na betri isiishe. Mlango usipofunga sawasawa, mfumo hudhani kwamba mtu angali anatoka, na mgeni huamka usiku wa manane amelowa jasho.

Hoteli zenye kijitundu cha kadi karibu na mlango hazina hata shaka hizo, kwa kuwa hazikumtafuta mgeni. Zinachojua ni kwamba kadi imo. Mgeni anayetaka kurudi kutoka ufuoni akute chumba kimepoa huchomeka kadi yoyote yenye ukubwa ule, hata ya duka la nyumbani kwao, akaenda zake kuogelea.