Pombe na kitenzi «kuzoea»: yanayotendeka ndani ya seli

Katika mitaa ya Katuba na Kamalondo, mjini Lubumbashi, mnywaji wa lutuku hujisifu kwamba pombe haimwezi tena, kwa kuwa mwili wake «umezoea». Kisarufi hatuna la kumsahihisha. Lakini kitenzi hicho kimoja kinafunika mambo mawili tofauti, na la pili laweza kumwua.

La kwanza latendeka katika ini. Humo kileo, yaani ethanoli, hukutana na kimeng'enya. Istilahi hii imetokana na kumeng'enya, kuvunjavunja. Nayo yaeleza nusu tu ya kazi, maana vimeng'enya vingine huunganisha, na hiki tunachokizungumzia huiondolea ethanoli hidrojeni tu. Zao lake ni asetaldehidi, sumu kali kuliko kileo chenyewe, ambayo kimeng'enya kingine huigeuza kuwa asetati. Hidrojeni iliyoondolewa hubebwa na molekuli iitwayo NAD. Wabebaji hao wakielemewa, ini hushindwa kuunda sukari ya kutosha, na mafuta hurundikana ndani yake. Ndiyo sababu anywaye bila kula aweza kuishiwa sukari ya damu hata akazimia.

Kwa mnywaji wa kila siku, njia nyingine hupata nguvu. Charles Lieber na Leonore DeCarli waliieleza mwaka 1968. Kimeng'enya chake kikuu huitwa leo CYP2E1. Mtu akizidi kunywa, kimeng'enya hicho huongezeka, na kileo huondoka upesi zaidi katika damu. Mnywaji huuona huo kuwa ushindi. Kumbe CYP2E1 hiyo hiyo hugeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu ya ini, kwa hiyo kuzidisha vidonge hivyo ni hatari zaidi kwake kuliko kwa jirani asiyekunywa.

Jambo la pili latendeka ubongoni. Seli za neva hupelekeana ishara kwa kemikali: GABA hutuliza, glutamati huamsha, na kila moja ina vipokezi vyake juu ya seli. Kileo huzidisha utulizaji wa GABA, na papo hapo huzuia kipokezi cha glutamati kiitwacho NMDA. Hapo ulimi huwa mzito, na mambo ya usiku hayakumbukwi asubuhi. Unywaji ukiendelea kwa muda mrefu, seli hujirekebisha: vipokezi vya GABA hulegea, vya NMDA huongezeka. Mtu husimama wima kwa kiasi kilichokuwa kikimwangusha. Seli zimejipanga kana kwamba kileo hakitakosekana kamwe.

Nacho hukosekana: fedha zimekwisha, au mwenyewe ameapa kuacha. Kwa kuwa uamshaji hauna tena wa kuuzuia, mikono hutetemeka baada ya saa chache. Degefu laweza kumpata, hasa kati ya saa 6 na 48. Baada ya siku 2 au 3 wengine huweweseka na kuona visivyokuwepo. Nyumbani husemwa amerogwa, naye hupelekwa kuombewa huku saa zikipita. Hakurogwa. Hospitalini hupewa vitamini B1 na dawa kama diazepamu, inayogusa kipokezi kile kile cha GABA, ikipunguzwa siku kwa siku. Aliyekunywa sana kwa miaka na anataka kuacha, aanzie kwa mganga wa zahanati, asijifungie nyumbani peke yake.