Koti Nyuma ya Mlango

Umeme umekatika saa tatu usiku na mvua inapiga bati hata mtu hasikii anachoambiwa. Mtoto wa miaka mitano amekaa kitako ndani ya chandarua, macho mlangoni, kwa sababu koti la baba lililotundikwa kwenye msumari limeota kichwa na mabega. Mama anaingia na tochi ya simu. "Wewe si mtoto wa Yesu? Likemee liondoke!" Mtoto anafungua mdomo, sauti haitoki. Sasa anaogopa mara mbili: analiogopa koti, na anaogopa kuonekana hana imani.

Sisi tunaoshauri wazazi, na Jumapili tukafundisha watoto kanisani, mama huyu tunamfahamu. Wengine ndio sisi wenyewe tukiwa nyumbani. Hana nia mbaya. Amempa tu mtoto kazi ya mtu mzima.

Hofu ina umri wake. Mtoto wa miezi minane humlilia mgeni, na humlilia mama anayetoka kwenda dukani. Akifika miaka mitatu hadi sita, zamu ni ya giza, radi, mazimwi na chochote kilichoko uvunguni. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alieleza kwamba mtoto wa kati ya miaka miwili na saba huvipa vitu visivyo na uhai nia na roho, na kwake alichokiwaza na alichokiona hukaa jirani sana. Kwa hiyo ukimwambia "hakuna kitu hapo", umemwambia macho yake yanamdanganya. Ukimwambia "kemea", umemthibitishia kwamba kweli kuna kitu, tena kikubwa kiasi cha kuhitaji jina la Yesu. Kwa maoni yangu hilo la pili ni baya zaidi.

Anza na mwili. Mtoto aliyeshtuka moyo unamwenda mbio na pumzi iko juu juu. Hapo hasikii mafundisho, hata yawe mazuri namna gani. Mpakate. Pumua naye taratibu, mkitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko mlivyoivuta, kama mnaopoza uji wa moto. Mapigo ya moyo hushuka. Wanaodhani huku ni kuacha imani na kufuata saikolojia wasome 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia kwa hofu, amechoka, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yanakuja siku nyingi baadaye, mlimani.

Mtoto akishatulia, washa taa au tochi, mwende pamoja mkalishike lile koti. Aingize mkono mfukoni. Ndipo muombe, kwa ufupi, mkiitaja hofu kwa jina lake: "Yesu, naogopa giza. Kaa nami hapa kitandani. Amina." Sala ndefu ya kukemea kwa sauti ya mkesha humwamsha mtoto, na kumwonyesha kwamba hata mama ameingiwa na hofu.

Hadithi ninayoitumia zaidi ni ile ya dhoruba katika Marko 4. Watoto wa Mwanza na Kisumu huielewa haraka, maana wanajua ziwa linavyogeuka. Na Galilaya, ingawa tunaiita bahari, ni ziwa la maji baridi lenye urefu wa kilomita 21 hivi, lililo zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, na pepo za milimani hulishukia ghafla. Marko peke yake ndiye anayetaja kwamba Yesu alilalia mto. Nilipoisimulia mara ya kwanza, mtoto mmoja alishangaa: kumbe Yesu hakuwa chomboni, alikuwa amelala mtoni? Tangu siku hiyo nakwenda darasani na mto wa kulalia kwapani.

Katika hadithi hiyo nasisitiza mambo mawili. Wanafunzi walipomwamsha kwa kulalamika, hawakufukuzwa chomboni. Na kwa mpangilio wa Marko, Yesu alituliza upepo kwanza, halafu ndipo akawauliza habari za imani yao. Mathayo anapanga kinyume, najua. Lakini mbele ya mtoto anayetetemeka mimi namfuata Marko. Mtoto akiuliza kwa nini Yesu alilala wakati Zaburi 121 inasema Mungu hasinzii, mwambie ukweli: alikuwa na mwili kama wako, amechoka, na wala hakuwa na wasiwasi.

Usimwahidi kwamba Mungu hataacha lolote baya limpate. Bibi atafariki, au yeye mwenyewe ataugua, na ahadi hiyo itavunjika mikononi mwako. Mwahidi kwamba hatakuwa peke yake. Na kama mchana humtishia mtoto kwa kusema Mungu anamwona na atamchoma moto asipomaliza ugali, usishangae usiku akikataa kuombewa. Atamkimbilia vipi anayemwogopa?

Tofautisha pia jinamizi na kuweweseka. Jinamizi huja zaidi kuelekea alfajiri: mtoto anaamka, anakumbuka ndoto, anataka kukumbatiwa na kusikilizwa. Anayeweweseka hupiga kelele mapema, mara nyingi ndani ya saa chache za kwanza, macho wazi, jasho linamtoka, hakutambui, na asubuhi hakumbuki lolote. Huo ni usingizi mzito uliokatika vibaya. Usimtikise wala kumwita aliyepagawa. Mlinde asianguke, ungoje apitiwe. Ukitaka kuomba, omba kimya kimya; anayehitaji utulivu saa hiyo ni wewe.

Ipo hofu isiyotakiwa kutulizwa. Mtoto anayemwogopa mtu fulani, awe mjomba, jirani, mwalimu au hata mhudumu wa kanisa, anakupa taarifa. Kumfundisha asali ili aache kumwogopa ni kumnyang'anya kengele yake. Msikilize bila kumhoji kama mshukiwa, mtenge na mtu huyo, kisha tafuta msaada. Tanzania na Kenya namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116. Na hofu ikikaa wiki kadhaa, mtoto hali vizuri, hataki shule, au ameanza tena kukojoa kitandani, mpeleke kwa mtaalamu. Sala iendelee.

Kwa siku za kawaida, kinachosaidia ni kurudia. Maneno yaleyale, saa ileile, kwa mpango uleule: kunawa miguu, chandarua, sala, ishara ya msalaba kwenye paji la uso kwa wanaoitumia. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliwaelekeza watu wa nyumbani jinsi ya kusali jioni, kisha akaongeza kwamba wakishamaliza walale mara moja kwa moyo mchangamfu. Watoto huipenda sehemu hiyo ya mwisho. Wazazi waliochoka huipenda zaidi.