Kuchonga na Kujenga: Maelezo Mafupi juu ya Mahekalu ya Gharapuri

Katika kufasiri habari za mahekalu ya Kihindu yaliyo katika kisiwa cha Gharapuri, karibu na Mumbai, wanafunzi wengi huandika kwamba «yalijengwa ndani ya mapango». Kauli hiyo yapotosha mara mbili. Mapango hayo hayakuwapo kabla ya watu kuja na patasi zao. Wala hakuna kilichojengwa humo.

Msafiri hupanda motaboti penye Lango la India, hukata maji kwa muda wa saa moja hivi, kisha hupanda ngazi hadi kwenye mwamba mweusi wa volkano. Humo, yapata karne ya 6 kwa makadirio ya wataalamu wengi, mafundi walifukua ukumbi wenye kina cha mita 39 hivi. Hawakuongeza jiwe, waliondoa. Nguzo ni mwamba uliosazwa. Sanamu ya Shiva mwenye nyuso tatu, inayozidi mita 5 kwa kimo, ni sehemu ya ukuta wenyewe. Mwashi akikosea hung'oa tofali, akaweka jingine. Fundi wa Gharapuri hakuwa na nafasi hiyo. Ndiyo maana pia nguzo kadhaa zilipovunjika, dari haikuporomoka: haikutwikwa juu yake kama paa la nyumba.

Sisi wa Kazimia tuna mfano mlangoni. Mtumbwi wa gogo haujengwi wala hauundwi, bali huchongwa: hutolewa kisichotakiwa hadi tumbo lake lipatikane. Boti ya mbao huundwa, ubao kwa ubao. Kiswahili kimekwisha kuzitenga kazi hizo mbili; kosa ni la mfasiri anayefuata lugha nyingine kipofu.

Jina nalo lina mambo. Wareno walikiita kisiwa hicho Elephanta kwa ajili ya tembo wa mawe waliyemkuta huko. Mwaka wa 1864 Waingereza walijaribu kumhamisha, akaanguka na kuvunjika. Vipande vyake viliunganishwa, naye sasa yumo katika bustani moja ya Mumbai.

Tungependekeza basi «mahekalu yaliyochongwa mwambani». Hata hivyo neno «pango» lisifutwe: Gharapuri hufasiriwa «mji wa mapango», na Kiswahili huita pango hata shimo la mti.